Usiizime Kompyuta ya Ofisini

Iguguno,
Jumanne mchana.

Mpendwa dada Selina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na wasichana wote unaowalea hapo Kilimatinde. Kile kifua kimepona? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unakohoa kila baada ya maneno mawili, nikakusihi uende ukapimwe, sijui kama ulinisikia. Sisi huku tunaendelea. Mama kule Mgori anasumbuliwa na goti lile lile, lakini anasuka vikapu vyake kama kawaida na anawasemesha kuku kwa Kinyaturu kana kwamba ni wajukuu zake. Mahindi yamebeba vizuri, alizeti zimeanza kuinama. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia.

Najua umeshangaa kuletewa barua ya mkono, na Gervas, yule fundi simu ninayeshirikiana naye duka, kusafiri njia yote hiyo mpaka Manyoni na kukupandia huko mlimani kwa ajili ya karatasi. Kabla hujaendelea kusoma, nakuomba kitu kimoja. Ondoka ofisini. Nenda kaisomee jikoni, au nje kwenye kamba za nguo, popote mbali na ile laptop niliyokupa. Usiizime. Usichomoe waya wowote. Usiseme neno la maana mbele yake. Iache kama ilivyo siku zote, hata kama ukifika katikati ya barua hii utatamani kuibeba ukaitupe chooni.

Dada, nianzie mbali kidogo ili uelewe.

Unakumbuka nilipofungua duka nilikuwa na kompyuta mbili chakavu, na programu zilizokuwa ndani yake zilikuwa za wizi, zimejaa virusi mpaka barua ya mteja ilikuwa inageuka herufi za ajabu mbele ya macho yake. Gervas ndiye aliyeniambia kuhusu mfumo huria, huu wanaouita Linux. Ni wa bure. Unatengenezwa na watu walioko kila pembe ya dunia, na kila kilichoandikwa ndani yake kiko wazi; ukitaka kujua umeshonwaje unafungua na kuangalia. Nikaupenda kwa sababu hiyo. Nikaweka kwenye kompyuta zote mbili, zikaanza kukimbia kama mpya.

Lakini wateja hawakuupenda. Ulikuja umevaa kijivu kitupu, vidirisha vyake kama milango ya mabati. Mwalimu Gerald, yule wa sayansi, aliketi akauangalia, akaniuliza kama hii kompyuta ni ya jeshi. Mama mmoja aliyetaka kuchapa kadi za harusi alisema haiwezekani harusi ya mwanawe itoke kwenye kitu kinachofanana na msiba. Nilieleza mpaka mate yakakauka kwamba huu hauna virusi, hauibi, haugandi. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakavuka barabara kwenda duka la pili ambako virusi vilikuwa vingi lakini rangi waliizoea.

Basi nikakaa chini nikauchorea sura. Nilipiga picha vikapu vya mama, kimoja kimoja, nikachukua ile mizunguko na yale meno meno mekundu na meusi anayoyasuka ukingoni, nikayageuza kuwa alama za kubofya, kingo za vidirisha, na mandhari ya ukutani. Ukifungua faili, kikapu kinafunuka mfuniko. Ukilifunga, kinajifunika. Nikaiita sura hiyo Mgori.

Dada, watu walirudi. Mwalimu Gerald mwenyewe alikuja na laptop yake akataka nimwekee. Hakuuliza kama inaandika, inahesabu au inachapisha. Aliuliza kama inakuja na rangi ya bluu. Gervas alicheka akasema, "Umewaimbia injili mwaka mzima hawakuokoka, umewaonyesha kikapu wameokoka wote." Na mimi nilicheka. Nilijisikia vizuri mno.

Ndipo nikaiweka kwenye tovuti ambako watu hubadilishana sura za namna hiyo, yeyote anachukua bure. Nilidhani wataichukua watu wachache. Ikachukuliwa Brazili, ikachukuliwa India, watu wa Ulaya wakaniandikia kwamba hawajawahi kuona kitu kizuri namna hii, na kwamba waliacha mifumo yao ya kulipia kwa sababu tu ya kutaka kukaa ndani ya Mgori. Nilimsomea mama hayo maneno kwenye simu. Akauliza kama hao watu wanataka vikapu.

Kisha ukaja wewe na ile laptop ya msaada iliyokuwa imekufa. Nikaifufua, nikaivisha Mgori, nikakuletea mwenyewe. Uliniambia wasichana wako, ambao walikuwa hawataki hata kuisogelea, sasa wanapanga foleni kujifunza kuchapa. Ukasema Rebeka, ambaye tangu akimbie kuozeshwa alikuwa haongei na mtu, alikaa mbele yake akafungua na kufunga kikapu kile mara nyingi nyingi, halafu akacheka. Ulinitumia picha yao wakiwa wameizunguka, inawaonyesha migongo tu. Nikaiweka ile picha kwenye ukurasa wangu. Nikaandika kwamba hata nyumba ya wasichana anayoilea dada yangu kule Kilimatinde inatumia Mgori. Niliona migongo haina shida.

Haikupita muda mrefu akaja Shukuru.

Sijui hata leo kama ni mwanamume au mwanamke. Aliandika kwa Kiswahili, na si Kiswahili cha pwani wala cha kwenye vitabu, ni hiki chetu. Alisema yuko masomoni nje ya nchi, amekumbuka nyumbani, na alipoona vile vikapu alilia. Akasema anajua kuandika programu, angependa kunisaidia bure. Na kweli alisaidia. Mahali ambapo sura ilikuwa inakwamakwama aliilainisha. Alikuwa mpole, hachoki, hakasiriki, anajibu swali kabla sijamaliza kulifikiria. Wakati huo huo watu wengine wapya, ambao sikuwahi kuwaona, wakaanza kunilalamikia hadharani kwamba mwenye Mgori ni mzito, matatizo hayashughulikiwi, kwa nini hampi Shukuru funguo afanye kazi. Ndipo nikaugua ile malaria iliyonilaza. Nikampa funguo, maana yake akawa anaweza kubadilisha kitu na kikawafikia watu wote bila kupitia kwangu. Nilimshukuru, dada. Nilimwombea.

Kitu cha kwanza alichotoa kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya mimi. Ile mandhari ya ukutani ikaanza kufuata anga la mahali ulipo. Kukipambazuka kwako, kikapu kinapambazuka. Kukiwa na mawingu, rangi zinapoa. Mvua ikinyesha Iguguno, matone yanateremka kwenye kioo. Wateja walikuwa wanakuja dukani kuangalia tu. Na wewe ulinipigia simu ukicheka, ukasema mvua imenyesha ndani ya kompyuta kabla haijafika kwenye bati. Hakuna aliyejiuliza kompyuta imejuaje iko wapi. Mimi pia sikujiuliza. Ilikuwa inapendeza.

Baadaye vikaja vitu vidogo. Bando la intaneti la duka likawa linaisha kabla ya wakati, Gervas akanituhumu kwamba naangalia filamu. Siku moja nilichapa ratiba ya mazishi ya jirani yetu, na kabla ya jioni Shukuru akaniandikia pole kwa msiba. Nilikaa nikajiuliza nilimwambia lini. Nikajijibu kwamba labda nilimwambia nikasahau. Mtu akikusaidia sana unakuwa mwepesi kumjibia maswali.

Sasa nakuja kwenye lile lililokupata. Uliponipigia ukaniambia baba mdogo wa Rebeka amekuja mpaka getini na gari, na watu, nilishtuka kama ulivyoshtuka wewe. Lakini uliposema hakumuulizia Rebeka, alimuulizia Jenifa, nilijua siri haikutoka mdomoni mwa mtu. Kwa sababu hilo jina la Jenifa ulimpa Rebeka wewe ili kumficha, ukaliandika kwenye faili lake tu ndani ya ile kompyuta, na wenzake hapo nyumbani wanamwita Mdogo. Ulisema aliyetoa siri ni Mzee Bonaventura, mlinzi, kwa sababu ndiye peke yake anayekaa getini na kuongea na wapita njia. Ukamfukuza. Sikukujibu kitu siku ile, nawe ukadhani simu imekatika. Haikukatika, dada. Nilikuwa naiangalia kompyuta yangu.

Tulifunga duka, mimi na Gervas, tukafungua Mgori ndani. Kila kitu kiko wazi, si nilikwambia? Kilikuwa wazi muda wote. Ilitubidi tu tuangalie. Katika kile kipande cha kuuliza hali ya hewa, chini ya maneno mengi yasiyo na kazi, tulikuta maelekezo mengine. Kila kompyuta inapouliza anga, inatuma pia picha ya kile kilicho kwenye kioo. Na zile zenye kipaza sauti, kama yako, kuna wakati zinasikiliza. Watu maelfu waliichukua, wakaisifia rangi, wakaandika makala kuhusu kingo zake. Hakuna hata mmoja aliyefunua mfuniko. Nadhani ile picha yangu ndiyo iliyomleta Shukuru, na anachokiona ndicho kinachomfikia baba mdogo wa Rebeka.

Gervas hakutaka kuamini. Akasema tumjaribu. Kesho yake nilikaa kwenye kompyuta nikachapa barua ya uongo kwa binamu yetu mmoja, kwamba nakwenda Itigi kwenye harusi, naondoka keshokutwa. Sikuituma. Sikuihifadhi hata. Niliiacha wazi kwenye kioo wakati nikinywa chai, halafu nikaifuta. Baadaye Shukuru akaniandikia mambo ya kazi kama kawaida, ya rangi na vivuli, na mwishoni kabisa akaongeza: "Na safari njema ya Itigi." Gervas alisoma juu ya bega langu. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka tulipofunga.

Ndiyo maana sikukupigia simu. Wewe ukipokea simu unakaa pale pale mezani penye mtandao, mbele ya kile kioo, na meseji zako zinafunguka humo humo. Na usiizime kwa sababu ikizimika ghafla, atajua tumejua, na watakuja kwako siku hiyo hiyo badala ya kusubiri.

Maana watakuja, dada. Kesi ya Rebeka inasikilizwa wiki ijayo. Asipofika yeye mahakamani kusema kwa mdomo wake alifungiwa na nani na kwa ajili ya mzee gani, hakuna kesi. Baba yake mdogo analijua hilo kuliko wakili. Mara ya kwanza walikuja mchana kwa kubisha hodi. Mara ya pili hawatabisha.

Kuna jambo linaloniumiza hata ninapoandika. Wale maelfu wengine bado nimewaacha gizani. Ningeweza leo hii kutangaza kwamba Mgori ina sumu, iondoeni. Nimeshaandika tangazo, liko tayari. Lakini nikilitoa sasa Shukuru ataliona wa kwanza, na Rebeka bado yuko kwenye kitanda kile ambacho nafasi yake imeandikwa kwenye faili lako. Kwa hiyo nasubiri, na kila siku ninayosubiri kuna mtu mahali fulani, sijui nani, anaandika mambo yake ya siri mbele ya vikapu vya mama yangu huku akipendezwa. Mwalimu Gerald anaandikia mitihani humo. Nimemsalimia leo asubuhi, akanisifia tena. Nikanyamaza. Sijui Mungu atanihesabiaje hilo. Gervas ana nakala ya lile tangazo. Nikishindwa kulitoa Ijumaa jioni kwa sababu yoyote, yeye atalitoa Jumamosi.

Sasa dada, kaa chini kama umesimama.

Jana nilimwandikia Shukuru barua bila kumwandikia. Nilifungua ukurasa kwenye kompyuta ya duka nikaandika kwako, kana kwamba nakujibu: "Nimekubali. Mlete Rebeka kwangu Alhamisi usiku, hapo kwako pameshajulikana. Nitamlaza kwenye chumba cha nyuma ya duka, hakuna atakayemfikiria huku. Ijumaa tutakuwa wawili tu, Gervas amesafiri." Nikaiacha kwenye kioo muda mrefu. Niliiona mvua ya uongo ikiteremka juu ya maneno yangu. Halafu nikaifuta.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa.

Na imefika. Leo asubuhi alikuja mtu dukani ambaye sijawahi kumwona hapa Iguguno. Mtu wa makamo, amevaa vizuri, anaongea kama sisi. Alitaka nakala ya kitambulisho chake, na wakati mashine inapata moto alisimama akiangalia ule mlango wa chumba cha nyuma, kisha dirisha lake, kisha kitasa. Alipogeuka akaitazama kompyuta. Akasema, "Sura nzuri hii. Umeichora mwenyewe?" Nikamjibu ndiyo. Akasema hongera, kazi ya mikono haifichiki. Akachukua karatasi zake akasema atarudi. Sijui kama ndiye Shukuru, au ni mtu aliyetumwa na Shukuru, au Shukuru ni watu watano kwenye chumba kimoja.

Usidhani nimejitosa kama kichaa. Nimekwenda kituo cha polisi, dawati la jinsia, nikamkuta askari mmoja mwanamke anaitwa Loyce. Mambo ya kompyuta hakuyaelewa, lakini aliposikia jina la baba mdogo wa Rebeka aliinua kichwa. Ameahidi kukaa dukani kwangu tangu Alhamisi jioni, amevaa kitenge kama shangazi aliyekuja kunitembelea. Amesema ataomba na wenzake wawili wajifiche jirani. Gari lao liko gereji. Amesema atafanya anavyoweza, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesema kweli, lakini sikutoka pale nikiwa na uhakika.

Kwa hiyo, dada, sikiliza vizuri. Alhamisi mchana, macho yao yakiwa yameelekea huku kwangu, wewe mtoe Rebeka. Asiage mtu. Mpeleke mahali ambapo hujawahi kupataja wala kupaandika, mpaka siku ya mahakama. Usiniambie ni wapi. Wakinikamata na kuniuliza, nataka nisijue kweli. Kompyuta iache inawaka, hata usiku, na uongee mbele yake mambo ya kawaida, ya maharage na ya kwaya. Ijumaa jioni ukisikia tangazo langu, ndipo uichomoe.

Na umwite Mzee Bonaventura. Umwombe radhi, dada, kwa heshima, wewe mwenyewe na kwa miguu yako, si kwa kutuma mtu. Mzee wa watu alifukuzwa kama mwizi kwa kosa ambalo lilikuwa limekaa mezani kwako likipendeza. Kama atakubali, yeye ndiye amsindikize Rebeka. Hakuna ninayemwamini kuliko yeye, kwa sababu alikuwa na kila sababu ya kukasirika akaenda kuuza siri, na hakuiuza.

Mama asiambiwe lolote. Akiuliza mbona sipigi simu mwambie duka lina kazi nyingi. Kama mambo yatakwenda vibaya, mwambie polepole, na usimwambie habari ya vikapu. Nakuomba sana hilo. Asije akaacha kusuka.

Nisalimie wasichana wote, hasa wale wadogo walionipokea kwa wimbo nilipokuja. Msalimie mpishi wako na watoto wake. Mwambie Rebeka kwamba sijamwona uso wake bado, nimeona mgongo wake tu kwenye picha, na siku moja nitapenda kukaa naye tuongee.

Mpe Gervas chai na chochote cha kula, hajala tangu jana kwa sababu ya hofu, ingawa atakwambia ameshiba. Usimpe jibu la maandishi. Mwambie tu kwa mdomo kama umekubali. Atarudi kesho jioni, nami nitakuwa nimesimama pale linaposimama basi.

Mungu akutunze, dada yangu. Nakupenda kuliko nilivyowahi kukwambia.

Ni mimi mdogo wako,
Emiliana.